Mwandishi wa mkoani na bosi wake: jinsi ya kuaminiana mpaka kazi ikae sawa

Arusha haina uhaba wa habari. Asubuhi mkutano kwenye kumbi za AICC, mchana hukumu Mahakama ya Afrika, jioni simu ya mgogoro wa ardhi kutoka Loliondo, na bado hujagusa bei ya nyanya soko la Kilombero. Tunachokosa ni waandishi wanaokaa na chombo kimoja wakaijua kanda vizuri. Kijana anafundishwa, anaiva, anahama. Au anabaki, ila moyo ulishahama. Mimi nilianza kwa kulipwa kwa stori, baadaye nikakabidhiwa ofisi ya kanda, kwa hiyo simu za malalamiko nimezipiga na nimezipokea. Ninayoyaandika hapa huwa nawaambia wote wawili.

Anzeni na karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: anafanya kazi gani, wapi, saa ngapi, kwa malipo gani. Vyombo vingi vinaona hilo halimhusu mwandishi wa kujitegemea. Wasome na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo. Kama unampangia mtu kazi na muda wake, kama anategemea malipo yako kuishi, kama kamera anayotumia ni yako, au kama kwa miezi mitatu amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwa hiyo bosi, usijifiche nyuma ya jina “korespondenti”. Andika mkataba, hata wa kurasa mbili. Weka malipo ya stori ndogo na kubwa, nani analipa nauli, lini pesa inatoka, na kama mwandishi anaruhusiwa kupeleka habari hiyohiyo kwingine. Hilo la mwisho lisipoandikwa huvunja urafiki haraka kuliko mshahara kuchelewa.

Mwandishi, wewe fungua daftari. Tarehe uliyotuma, kichwa cha habari, ukurasa au kipindi ilipotoka, malipo yanayostahili, malipo yaliyoingia. Mwisho wa mwezi mtumie mhariri orodha hiyo kwa barua pepe, kwa adabu, bila kungoja uombwe. Mhariri wa makao makuu ana waandishi wa mikoa mingi, na asiyemkumbusha husahaulika. Ukija na “nadai stori kama kumi hivi” unamweka mhasibu mahali pa kukutilia shaka. Ukija na orodha, mnazungumzia pesa tu, tabia ya mtu haiingii.

Sasa bahasha. Wote tunaijua: mkutano umekwisha, ofisa uhusiano anapita na karatasi ya kusaini “nauli”. Ninasema bila kuzunguka kwamba ugonjwa huu unaanzia kwa mwajiri. Ukimtuma kijana Karatu bila hela ya gari, umeshaamua nani atamlipa. Bosi, toa nauli kabla ya safari, hata ikibidi mwende matukio machache. Ukishaitoa, una haki ya kumwambia asipokee kitu, na umuwajibishe akipokea. Naye mwandishi akisafirishwa na taasisi anayoiandika, amwambie mhariri kabla habari haijatoka. Mhariri asilisikie kwa watu.

Lakini mtihani wenyewe ni siku simu ya mkubwa inapopigwa. Habari imetoka, mtu mzito kakasirika, anataka kujua “huyo kijana ni nani”. Bosi, pokea simu hiyo mwenyewe. Usimpe namba ya mwandishi, wala usiahidi kumfukuza ili yaishe. Mwambie alete malalamiko kwa maandishi na aseme sehemu gani si kweli. Kisha mwite mwandishi, fungeni mlango, sikilizeni rekodi mwanzo mpaka mwisho, pitieni daftari lake la mahojiano, muulize nani hakupatikana na alimtafuta mara ngapi. Habari ikiwa ya kweli, chombo kisimame nayo. Ikiwa na kosa, chombo kisahihishe kwa jina la chombo. Ya ndani mtayamaliza ndani. Chumba kizima cha habari kinakuangalia siku hiyo. Ukimtoa mmoja kafara, wengine wataanza kuandika habari za semina tu, na hutawalaumu.

Upande wa mwandishi, deni ni ukweli wote. Kama kuna jambo hukulihakiki, mwambie mhariri kabla ya kuchapa. Chanzo ulichokiahidi siri, mhariri mmoja akijue, na ahadi iwe ya wote wawili.

Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, akatoweka Kibiti Novemba 2017. Kampuni ilijitokeza hadharani kuulizia alipo, ingawa hakuwa na meza ofisini kwao. Ninawataka waajiri wetu wa Arusha na Moshi wajiulize, kabla hawajamtuma mtu mahali pa hatari, kama wanajua namba ya ndugu yake wa karibu. Iandikwe kwenye mkataba. Na bima pia: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii. Mwandishi, hakikisha mwenyewe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kama michango inaingia, usitosheke na makato kwenye karatasi ya mshahara.

Siku ya kuachana ikifika, anayelipwa kwa mwezi anatoa au anapewa notisi isiyopungua siku 28. Mwandishi akabidhi kamera, kesi zinazoendelea na tarehe zake, na miadi iliyobaki. Vyanzo vya siri havikabidhiwi bila ridhaa yao. Mwajiri atoe stahiki na cheti cha utumishi bila kumzungusha.

Mkishindwana, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri. Madai mengine, kama malipo ya nyuma, siku 60. Wengi huziacha zikapita kwa sababu bosi amewaambia “subiri kidogo, nitakupigia”. Fungua shauri kwanza. Akipiga, mtaongea shauri likiwa limeshapokelewa.