Wazazi Vijana Wanaotaka Kuishi Pamoja England na Wales: Ndoa, Makazi na Mamlaka juu ya Mtoto

Binti wa miaka 16 anapopata ujauzito, familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi England na Wales hufikiria ndoa kwanza, kisha makazi. Sheria ya huko imepanga mambo kinyume: kijana wa miaka 16 anaweza kuishi na mwenzake, lakini hawezi kufungishwa ndoa ya aina yoyote kabla ya kutimiza miaka 18. Tangu tarehe 27 Februari 2023, kumpangia ndoa mtu aliye chini ya umri huo ni kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 7, hata kama kijana mwenyewe ameridhia. Nikahi iliyosomwa sebuleni na ndoa ya kimila iliyotolewa mahari zimo ndani ya katazo hilo, ijapokuwa hazisajiliwi serikalini, na kumpeleka Mombasa au Dar es Salaam binti ambaye makazi yake ni England ili aozwe huko hakumwondolei mzazi hatia. Isitoshe, Kenya nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, imeweka miaka 18.

Ikiwa mmoja wao hajafikisha miaka 16, ambao ndio umri wa kuridhia ngono, suala huwa la ulinzi wa mtoto, na mpango wowote wa makazi upitie kwa wazazi na maofisa wa ustawi wa jamii.

Ugumu mkubwa uko kwenye nyumba. Mtu wa miaka 16 au 17 hawezi kisheria kumiliki upangaji kwa jina lake kama mtu mzima, na kwa hiyo wenye nyumba humtaka mdhamini au humkataa kabisa. Aliyefukuzwa nyumbani ana njia nyingine: mwaka 2009, katika kesi iliyoihusu halmashauri ya Southwark jijini London, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo (House of Lords) iliamua kwamba kijana wa umri huo asiye na makao apokelewe na idara ya watoto ya halmashauri chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, badala ya kusukumwa tu kwenye idara ya nyumba. Akiambiwa aende idara ya nyumba tu, aombe jibu hilo kwa maandishi na alipeleke kwa wakili wa msaada wa kisheria. Aulize pia mapema kama baba wa mtoto ataruhusiwa kukaa kwenye makazi atakayopewa, kwa sababu makazi mengi ya mama na mtoto hayampokei.

Mama, hata akiwa na miaka 15, ana mamlaka kamili ya mzazi juu ya mtoto wake tangu anapozaliwa. Baba ambaye hajamwoa mama huyapata kwa kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na ili aandikwe, kwa kawaida huhudhuria usajili pamoja na mama, katika muda wa siku 42. Bibi hana mamlaka hayo bila amri ya mahakama, hata kama ndiye anayenunua maziwa na kukesha na mtoto, jambo ambalo wazee wetu hulipokea kwa uchungu. Ndiyo maana kumpeleka mjukuu Tanga au Kisumu akalelewe huko kunahitaji ridhaa ya kila mwenye mamlaka hayo. Bila ridhaa hiyo, kumtoa nchini kunaweza kuwa kosa la utekaji wa mtoto.

Kuhusu fedha, mzazi wa miaka 16 au 17 mwenye mtoto anaweza kuomba Universal Credit, yaani malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ingawa kwa wengine wengi umri ni 18. Wakishaishi pamoja wataomba kama wenzi, na kipato cha wote wawili kitahesabiwa. Kijana ambaye viza yake inamzuia kutumia fedha za umma asiombe malipo hayo kabla ya kupata ushauri wa uhamiaji, kwani ombi lisilostahili linaweza kumharibia maombi ya baadaye. Msaada wa idara ya watoto, hata hivyo, hauhesabiwi miongoni mwa fedha hizo, na hofu ya viza isimzuie binti asiye na pa kulala kubisha hodi huko.