Jinsi ya Kutambua Kupatwa katika Nyota Pacha za Eksirei: Mfano wa Centaurus X-3

Mwangaza wa nyota pacha ya eksirei, yaani nyota mbili zinazozungukana na kutoa eksirei, hupungua kwa sababu nyingi, lakini ni moja tu kati ya hizo inayostahili kuitwa kupatwa: nyota kubwa inapopita mbele ya mwenzake mdogo, yaani nyota ya nyutroni au shimo jeusi, na kutuzibia eksirei zinazotoka kwenye gesi inayoangukia huko. Mwanafunzi anayetaka kujifunza kuitambua hali hiyo aanze na Centaurus X-3. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kupewa jina hilo kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, ndiyo iliyobaini kwamba mapigo ya chanzo hiki, yanayorudi kila baada ya sekunde 4.8, huwahi au huchelewa kwa takribani sekunde 40 kufuatana na mzunguko wa siku 2.087, na kwamba katika kila mzunguko chanzo chenyewe hufifia kwa saa nyingi.

Data za kuanzia hupatikana bure kwenye tovuti ya MAXI, kifaa cha Japani cha kupima eksirei kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2009. Chukua jedwali lenye kipimo kimoja kwa kila mzunguko wa kituo, ambao ni dakika 92 hivi, wala usichukue lile la wastani wa siku nzima, kwa kuwa kupatwa kwa Centaurus X-3 huchukua karibu sehemu moja ya tano ya mzunguko wake, na wastani wa siku utakuchanganyia saa za giza na saa za mwangaza. Mahali ambapo jedwali halina mstari wowote, kifaa hakikupima. Pasichukuliwe kuwa ni giza. Vivyo hivyo, usifute thamani zilizo chini ya sifuri, kwani hutokana na kuondolewa kwa mwangaza wa usuli, yaani ule usiotoka kwenye chanzo chenyewe, na ukizifuta utakipunguza kina cha kupatwa kwa uongo.

Kisha kunja data, yaani ilaze mizunguko yote mmoja juu ya mwingine, na hapa ndipo penye kazi hasa. Katika kila mstari, chukua muda wa kipimo kwa siku, punguza muda wa kuanzia uliouchagua mwenyewe, gawa jibu kwa 2.087, tupa namba nzima na ubakize desimali. Hiyo desimali ndiyo awamu. Gawa awamu zote katika mafungu 20 na utafute wastani wa mwangaza wa kila fungu. Lahajedwali ya kawaida inatosha. Tumia data za miezi michache tu, kwa sababu kosa dogo katika kipindi, yaani urefu wa mzunguko mmoja, hujilimbikiza mzunguko baada ya mzunguko, na isitoshe kipindi chenyewe kinapungua kwa takribani sehemu mbili kwa milioni kila mwaka. Ukiona kingo za kupatwa zimelegea na kutanuka, kishuku kipindi chako kabla ya kuishuku nyota.

Mchoro wa wastani hizo ukishaonyesha bonde, yaani mahali mwangaza unapozama, linganisha mikanda ya nishati. Katika kupatwa kwa kweli, mkanda wa keV (kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati ya eksirei) 2 hadi 4 na ule wa keV 10 hadi 20 hushuka pamoja, ingawa ule wa chini huweza kutangulia kidogo kwenye kingo, ambako eksirei hupenya upepo mzito wa nyota kubwa. Mkanda wa chini ukizama huku wa juu ukibaki karibu palepale, hiyo ni gesi iliyopita njiani. Sakafu ya bonde nayo si lazima ifike sifuri, maana upepo huohuo hutawanya baadhi ya eksirei kuelekea kwetu.

Ukihamia Hercules X-1, nyota pacha nyingine ya eksirei yenye mzunguko wa siku 1.7, tenga kwanza siku zake angavu: diski yake ya gesi iliyoinama huyumba na kukificha chanzo katika sehemu kubwa ya kila siku 35, na ukikunja data zote kwa pamoja bonde la kupatwa litakuwa hafifu. Kwa EXO 0748-676, nyota pacha nyingine tena, njia hii haifai, kwa kuwa kupatwa kwake huchukua dakika nane hivi tu katika mzunguko wa saa 3.82, huko unahitaji data za darubini inayokikazia chanzo kimoja kwa saa kadhaa mfululizo, kama XMM-Newton.