Panya Mwenye Medali: Namna ya Kusoma Habari za Ajabu

Habari ya ajabu isome mara mbili: kwanza ucheke, kisha ujiulize. Chukua ya Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa na APOPO, shirika linalofunza panya kunusa mabomu, mjini Morogoro. Mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, lilimpa medali ya dhahabu kwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini huko Kambodia.

Kicheko kitafute kwenye mambo madogo, kichwa cha habari kiache. Panya huyu alikuwa na uzito mdogo mno, hakuweza kulipua bomu kwa kulikanyaga. Aliponusa baruti alikwangua udongo, kisha alilipwa kipande cha ndizi. Ndizi! Mshahara wa kazi ambayo mwanajeshi huifanya jasho likimtoka.

Ukishacheka, usiiache habari hapo. Tafuta swali linalouma. Magawa hakujua bomu ni nini. Alijua harufu na ndizi. Je, shujaa lazima ajue hatari? Na tuna haki gani kumtuma kiumbe asiyepigana vita akasafishe vita vyetu?

Swali hilo mpelekee mtu mbishi. Mimi humpelekea mjomba. Yeye anashikilia kwamba bila kujua hatari hakuna ushujaa. Mimi nakataa: wapo watoto wanaotembea salama kwa sababu ya pua ile.