Maji ya Kunywa Kutoka Kisima cha Pwani
Kisima chetu hapa Micheweni, Pemba, kiko karibu na bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mie huteka saa nne asubuhi, bahari imekupwa. Ikijaa, kisima huingia chumvi, na chumvi haitoki kwa kuchemsha, huzidi.

Chuja kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Chemsha yatokote kwelikweli, mapovu makubwa, dakika 1 nzima. Mvuke peke yake si kuchemka!

Kuni zikilowa, jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zinazoonyesha ndani, zilaze juani kwenye bati kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2.

Mtungi ufunikwe. Wajukuu walikuwa wakizamisha vikombe na mikono michafu. Nimegombeza hadi nikachoka, nikanunua ndoo yenye bomba.