Darasa la watoto 80, kipindi dakika 40: mie nashirikisha hivi

Kila tukienda semina TC (kituo cha walimu) tunaambiwa fundisheni kwa njia shirikishi, sawa, tunaitikia, tunakunywa chai tunarudi skuli, unaingia darasani watoto 80 na ushei, deski moja wamebanana watatu wanne, dakika tano zishaliwa na kufuta ubao. Utamshirikisha nani hapo? Mie nafundisha hesabu huku Pemba na vipindi nishaviharibu vingi sana kabla sijapata njia yangu.

Anza na andalio la somo lakini lijaze kinyumenyume. Wengi wetu tunakimbilia upande wa mwalimu, "kueleza, kufafanua, kuongoza", alafu upande wa mwanafunzi tunaandika "kusikiliza na kuandika" basi tushamaliza. We anza na huo wa mwanafunzi. Jiulize ikifika dakika ya 10 mkono wa mtoto unafanya nini na mdomo wake unasema nini, ukiona hatua mbili zimefuatana zote ni kusikiliza ujue hapo ndo watakapolala, na wale wa mkondo wa mchana hata hawasubiri ya pili.

Makundi ya watu kumi kumi siyapendi, nasema ukweli. Mmoja anafanya, wawili wanamtazama, saba wanapiga soga, na kule kuburura madeski tu kunakula robo ya kipindi. Tumia jirani. Swali moja ubaoni, dakika moja kila mtu kimya anaandika lake, dakika mbili anambishia alokaa nae, alafu unachagua watatu wanne waseme, na waseme jawabu la mwenzao sio lao (hiki cha mwisho ni changu mie, kinawalazimisha kusikilizana). Njia yenyewe ilitungwa na Mmarekani mmoja Frank Lyman mwaka 1981 na haitaki deski lihame hata inchi.

Ukishauliza swali, nyamaza. Kuna mtafiti Mary Budd Rowe, miaka ya 70 huko Marekani alisikiliza rekodi za madarasa akakuta mwalimu akiuliza anangoja kama sekunde moja tu kisha anajibu mwenyewe au anarukia mtoto mwengine, walimu walipongoja sekunde tatu majibu yakawa marefu na wale wa kimya wakaanza kusema. Mie nikishauliza nasoma bismillahi yote kimoyomoyo, taratibu, ndo naangalia mikono. Mwanzo utaona kama mwaka mzima.

Sasa somo lenyewe, asilimia, darasa la sita, na ilikuwa msimu wa karafuu. Jumatatu nikaomba karafuu mbichi zilokwisha chambuliwa, makonyo (vile vijiti vyake) pembeni, nikaazima mizani dukani tukapima gramu 900 mbele yao, mtoto ndo anasoma mizani sio mie. Swali: zikikauka zitabaki gramu ngapi? Kila mmoja akaandika kwenye daftari akabishana na jirani yake. Wengi walisema nusu, wale hodari wa mbele wote nusu. Nyuma kabisa kuna mtoto mmoja msimu ukianza haonekani skuli wiki nzima, siku hiyo kaja, nikasoma bismillahi yangu, akanyanyua mkono nusu nusu akasema "mia tatu maalim, tatu mbichi hutoa moja kavu, nyumbani ndo huhesabu hivyo." Darasa likacheka. Tukazianika juu ya jamvi nje ya darasa, kila siku watoto wawili wa zamu wanazigeuza na kuzitoa mvua ikinyemelea, Ijumaa tukapima ikaja 300 na kidogo. Hakucheka mtu. Hapo ndo nikaandika ubaoni zimepotea ngapi katika 900, zidisha kwa mia, ikaja kama asilimia 66, na dakika kumi za mwisho kila jozi ikatunga swali lake la karafuu ikampa jozi ya nyuma ifanye.

Angalia lakini, kwenye andalio hilo lilikuwa somo la siku mbili, Jumatatu dakika 15 tu na Ijumaa kipindi kizima, katikati niliendelea na mada nyengine kama kawaida. Usijaribu kulibana siku moja. Na si kila mada inataka vitu hivi, jedwali la kuzidisha bado wataliimba tu.

Jengine, mwambie mwalimu wa darasa la jirani mapema. Mie nilishaitwa ofisini, mkuu alidhani darasa halina mwalimu kwa zile kelele, kafika mlangoni na fimbo kanikuta nimechutama katikati ya madeski nasikiliza ubishi. Siku hizi kabla ya kuanza namtuma mtoto mmoja akagonge huko, "maalim kasema tunaanza kupiga kelele."