Kabla hujamshika chura, lowesha mikono kwanza
Jamani mnaopenda kuokota vyura, iwe wa porini au unaemfuga nyumbani, chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi, anayafyonza kwa ngozi na hewa pia anaipata kwa ngozi hiyohiyo, sasa ukimshika na mkono wenye losheni au dawa ya mbu vyote vinaingia mwilini moja kwa moja. Sabuni nayo isuuze mpaka iishe kabisa, afu lowesha mikono kwa maji ya hapohapo alipo, mshike kidogo tu umwachie palepale ulipomtoa. Usimhamishie bwawa lingine hata kama unaona ni zuri zaidi, kuna ugonjwa wa kuvu ya ngozi umeshamaliza aina kibao za vyura duniani na unasafiri hivyohivyo, hata kwa viatu vyenye tope. Wa kufuga ndo kabisa, ukimchoka usimwachie porini, mtafutie mtu mwingine anaejua kumtunza. Ukimaliza nawa vizuri, maana vyura, mijusi na kasa wanabeba salmonela, yaani bakteria wanaoleta kuharisha na homa, na watoto wadogo ndo inawaumiza zaidi.