Kuchagua Makazi kati ya Malindi na Mji wa Kale wa Lamu

Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, anza na usafiri, kwa kuwa ndio utakaoamua mengi. Malindi inafikika kwa matatu kutoka Mombasa, na tuktuk hukufikisha hadi mlangoni. Lamu ni kisiwa, hivyo godoro na saruji huvushwa kwa mashua, kisha hubebwa kwa punda au mkokoteni katika vichochoro ambamo gari halipiti.

Ukivutiwa na nyumba ya kale ya Lamu, ikague kwa makini: papasa kuta za mawe ya matumbawe uone kama chokaa inamomonyoka kwa unyevu, na utazame boriti za mikoko darini, hasa pale zinapoingia ukutani. Mji huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, kwa hiyo usibomoe ukuta wala kuongeza ghorofa kabla ya kupata idhini. Anayetaka kujenga apendavyo, kwa maoni yangu, atafute kiwanja Malindi na aihakiki hati yake katika ofisi ya ardhi. Anayethamini ujirani wa barazani apange Lamu kwanza, akae msimu mzima wa kusi, ndipo aamue kununua.